Mtani Wangu Sajini

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Wamemchukua Silvesta! Asubuhi, bombani, mbele ya foleni nzima. Naandika kwa hasira, mwandiko huu usamehewe.

Ilivyokuwa ni hivi. Silvesta ni mtoto wa dada yangu Oliva. Alfajiri anashuka bondeni na baiskeli, anapandisha madumu ya maji, anauza huku juu ambako bomba linakohoa upepo tu. Kila anapopita, askari wa kituo chetu hapa njiapanda wanamshushia dumu moja. La kituo, wanasema. Hawalipi. Leo konstebo akashika dumu upande huu, Silvesta akashika upande ule. Akasema kwa sauti kwamba serikali imewapa mshahara na sare, mgongo wake haikuwapa.

Foleni ikacheka. Kicheko ndicho kilichomponza. Sajini Mbano, mkuu wa kituo, akatoka mwenyewe na fulana na kandambili, akamkaba ukosi. Kosa? Kukosa heshima kwa mamlaka. Mzee mmoja akauliza hiyo ni sheria ipi. Akaulizwa yeye anaitwa nani. Akakumbuka ameacha moto jikoni.

Baiskeli nayo imekamatwa. Baiskeli imemkosea heshima nani?

Oliva akaja kwangu. Hakukaa. Akasema, kaka, wewe ndiye mjomba. Basi. Kwetu Wamakua neno hilo likishatamkwa hakuna pa kujificha. Baba wa mtoto ni mgeni tu katika jambo, mjomba ndiye mwenye mtoto. Nikamwambia aende akapumzike, jambo liko mikononi mwangu. Akaiangalia mikono yangu.

Mpango wangu: heshima. Wanataka heshima, nitawapa heshima mpaka iwatoke puani. Nikavaa koti la kanisani. Nikaingia kituoni nimevua kofia, nimeinama, nikasema shikamoo. Shikamoo! Mimi, mzee wa kanisa, mwenye wajukuu, kwa mtu wa umri wa binti yangu Emilia! Nilidhani atashtuka, atasema la, mzee wangu, mimi ndiye nikuamkie. Akasema marahaba. Hata macho hakuinua. Alikuwa anamenya chungwa.

Akasema kijana atatoka akishajifunza adabu. Nikauliza humo ndani mwalimu ni nani. Niliuliza moyoni. Kwa mdomo nilisema asante. Nikatoka kinyumenyume mpaka mlangoni, nikaangusha ndoo.

Ee Bwana, lile shikamoo linanichoma. Nalitaka lirudi.


Jumanne, 5 Oktoba

Sala ya asubuhi imenishinda. Nilipofika kwenye kuwasamehe waliotukosea, nikaruka mstari. Mungu ameona. Naye pia aliiona ile asubuhi ya jana, kwa hiyo ananielewa.

Mpango mpya, na huu ni wa kazi yangu. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa fundi zaidi kabla ya mambo ya ruksa. Siku hizi kila kitu ruksa, na jirani yangu Jafari amefungua kibanda cha kafa-ulaya ubavuni mwangu kabisa, anauza suruali zilizokwisha kushonwa na watu waliokwisha kufa. Mimi nimebaki na sare za shule, kanzu za padri, viraka. Na suruali za Sajini Mbano.

Huyu bwana alipokuja kutoka Songea alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Kila msimu wa korosho ukipita ananiletea suruali nimpanue kiuno. Wanunuzi binafsi wanakuja na malori yao siku hizi, ni halali, redio imetangaza. Lakini yeye amefunga kamba barabarani, na kila gunia linalopita linatoa korosho za kuonja. Za kuonja! Korosho mbichi inababua mdomo. Yeye haimbabui, inamnenepesha.

Na suruali yake ya sare ilikuwa kwangu! Nikaamua: suruali haitoki mpaka Silvesta atoke. Nikajizoeza kulisema hilo mbele ya kioo cha Jafari. Jafari akauliza nazungumza na nani. Nikamwambia na dhamiri yangu. Akasema niiulize kama inahitaji suruali, anazo za kila kiuno.

Konstebo akaja. Nikasimama. Nikavuta pumzi. Nikampa suruali.

Kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeipiga pasi.

Alipokwisha kuondoka niliyatamka maneno yote, sikukosea hata moja. Jafari alicheka mpaka akaomba maji. Maji hakuna.

Jioni Oliva kampelekea mwanawe ugali na chupa ya maji. Ugali umepokelewa. Chupa imekataliwa, eti kioo ni silaha. Akaomba basi wampe maji ya kituo. Wakamjibu kituo hakina maji tangu jana. Hakina maji kwa sababu mleta maji wamemfungia ndani! Nilipoambiwa hilo nilipiga meza mpaka sindano zikamwagika. Wapumbavu. Mungu anisamehe. Wapumbavu.


Jumatano, 6 Oktoba

Mzee Fakihi amefariki hospitalini Mkomaindo. Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi miaka mingi, Mwislamu safi, Mmakua mwenzetu. Lori la mnunuzi wa korosho limemleta. Kuzika kesho.

Nimemlilia kweli. Na katikati ya kulia, wazo likaniangukia kama embe. Sajini Mbano ni Mngoni! Wangoni ni watani wetu! Kesho atakuja msibani kufanya vituko vyake vya utani, kama wanavyofanya wenzake, na sisi tuna haki ya kumjibu. Na mtani kwenye msiba husema lolote. Hakuna polisi, hakuna hakimu, hakuna askofu. Ukimtukana mtani, hakasiriki. Akikasirika ameaibika yeye na ukoo wake mpaka Songea.

Haya. Silvesta alisema kweli nje ya utani, yuko ndani. Mimi nitasema kweli ileile, na nyingine juu yake, mbele ya umati, na Sajini atalazimika kucheka. Kisha aibu itamla polepole kama mchwa. Keshokutwa atafungua mlango mwenyewe. Sina haja ya wakili wala ya chai ya mtu. Nina mila!

Nikamweleza Mama Emilia, mke wangu. Alikuwa anachambua mchele wa msibani. Akasema hajawahi kusikia utani uliomtoa mtu ndani. Nikasema hajawahi kuusikia utani wangu. Akasema anauvumilia tangu siku ya ndoa.

Nikamweleza na Oliva, nikamwomba avumilie kidogo tu. Akaniuliza mwanawe anywe nini wakati yeye anavumilia. Nikaanza kumsomea hotuba yangu.


Alhamisi, 7 Oktoba

Ushindi! Niandike kabla haujapoa.

Msiba ulijaa. Watu wa Lulindi, watu wa Newala, wengine wamekuja kwa miguu. Sajini Mbano akafika kama nilivyojua, hakosi msiba, hasa wenye wali. Amevaa ile suruali, mstari wa pasi unakata hewa. Akaanza. Akachukua kanzu ya marehemu, akaivaa juu ya sare, akashika bakora ya marehemu, akachechemea vilevile alivyochechemea marehemu, huku akiwadai watu kadi za chama na kuwafokea kwa kuchelewa mkutanoni. Niseme kweli, alimpata. Hata wajane walicheka na machozi yakiwatoka. Kisha akaenda kuketi kwenye udongo wa kaburi, akasema maiti haiingii mpaka Wamakua wamlipe mfalme wao.

Hapo nikasimama. Nikavua kofia. Nikaliita jina la Utatu.

Nikasema, jamani, mnamshangaa huyu kukalia udongo wetu? Babu zake waliwafuata babu zetu kule Masasi na mikuki, wakachukua watu, wakachukua mbuzi, wakachukua na vyungu. Lakini babu zake walikuwa waungwana, walichukua wakaenda zao. Huyu anachukua na anabaki, na serikali imempa nyumba ya kukaa!

Yowe! Sijawahi kusikia yowe kama lile, hata Pasaka.

Nikaendelea. Nikasema korosho mbichi inababua mdomo wa kila kiumbe cha Mungu isipokuwa Mngoni mwenye kofia. Nikasema mnaotaka kujua kodi yenu ilipo msiende kuuliza Newala, niulizeni mimi fundi, nimeipima kwa futi, iko kiunoni. Nikasema huyu ni mtu wa kwanza duniani kumfunga mchota maji halafu akashangaa kwa nini ana kiu.

Sajini alianguka chali akicheka. Alishika tumbo, akapiga miguu juu kama mtoto. Akainuka, akanikumbatia, udongo wote ukahamia kwenye koti langu. Akatangaza kwamba babu zake walisahau kitu kimoja Masasi, nacho ni mdomo wangu, ndicho alichorudi kukifuata. Watu wakaangua tena. Nikacheka na mimi. Akapewa kuku wake, akapisha, tukamzika mzee wetu kwa heshima zote.

Wazee wamenishika mkono mmoja mmoja. Hata Jafari! Akauliza ule ujasiri niliutoa wapi. Nikamwambia kwa Roho Mtakatifu.

Oliva hakucheka. Alikuwa upande wa wanawake, mikono mapajani. Nilipompungia akageuza uso. Ataelewa kesho. Aibu ni kama unga wa mkate, huachwa usiku uumuke.


Ijumaa, 8 Oktoba

Wezi!

Asubuhi nilisikia buti uani. Nikajua ni wao wamemleta Silvesta. Nikatoka na tabasamu. Ni Sajini na konstebo. Wawili tu. Sajini akapaza sauti barabara nzima isikie, mtani wangu wa Kimakua! Kisha akamkamata jogoo. Jogoo wangu mwekundu, anayeniamsha kwa sala! Akasema jana nimemla yeye mbele za watu, leo zamu yake, utani ni njia ya kwenda na kurudi. Konstebo akabeba kiti changu cha kushonea.

Nikafungua mdomo nikemee. Watu walikwisha kujaa, wamekaa tayari kucheka. Ukiukasirikia utani umeaibika. Nimeliandika mimi mwenyewe juzi, liko hapo juu, nalisoma! Nikacheka. Nilicheka kwa meno tu. Jafari anasema nilifanana na mbuzi aliyelamba limau.

Nikamvuta Sajini pembeni, nikamwuliza kwa upole habari za mpwa wangu. Uso ukajifunga kama duka. Akasema hilo halimo kwenye utani, hilo ni la serikali. Nikasema lakini nimesema maneno yaleyale! Akasema ndiyo, lakini mimi nimesema nikicheka, na yule kijana alisema na uso mkavu. Akaondoka, jogoo kwapani.

Nimekaa chini, sina kiti, nimewaza mpaka kichwa kimeuma. Kwa hiyo neno ni lilelile! Likisemwa kwa kicheko ni mila, wanakupigia makofi. Likisemwa kwa uso mkavu ni kosa, wanakukaba ukosi. Na wao ndio wanaoamua uso upi ni mkavu!

Nikatembea mpaka kwenye kamba yao barabarani, nione kama angalau huko aibu imefika. Kamba ipo. Konstebo anachota korosho kwenye magunia, na kila akichota anawaambia wenye mali kwamba anaonja, yeye haimbabui, ana kofia. Wenye mali wanacheka! Wanacheka na korosho zao zinaondoka! Maneno yangu! Nimewatungia wimbo wa kuibia.

Oliva alikuja jioni, akasimama mlangoni. Akasema nimemchekesha kila mtu isipokuwa mwanawe. Amesikia kutoka kwa mfagizi wa kituo kwamba Silvesta hali tena, koo halimezi. Akasema, kaka, sasa basi, niachie mimi. Nikamwambia asinivunje moyo, nimepata mpango mwingine.

Akaondoka bila kuaga. Dada yangu wa tumbo moja.


Jumapili, 10 Oktoba

Jana sikuandika. Nilikuwa ndani.

Mpango ulikuwa mzuri, bado nasema. Sajini mwenyewe alisema utani ni njia ya kwenda na kurudi. Ikiwa yeye ameingia uani kwangu akachukua alichopenda, basi na mimi niingie kwake nichukue ninachopenda. Nampenda Silvesta. Na wakininyima Silvesta nitachukua kitu ambacho Sajini hawezi kukosa, tubadilishane.

Nikaingia kituoni, safari hii bila kuinama. Kofia yake ilikuwa mezani. Nikaivaa. Nikasema kwa sauti, mtani, kofia kwa Silvesta!

Nikageuka kuwatazama watu.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu, au tuseme upungufu. Hapakuwa na umati. Tulikuwa mimi, yeye, na picha ya Rais ukutani. Sajini akainuka taratibu, akaninyooshea kidole kwenye nembo ya kofia. Akasema kofia hii si ya Mngoni, ni ya Jamhuri ya Muungano, nami nimeipora Jamhuri. Nikasema na jogoo hakuwa wa Mmakua, nilikwisha kumweka nadhiri ya mavuno, ni wa Kanisa. Hakucheka. Nikaongeza tabasamu. Wakanivua mkanda na viatu.

Chumba chenyewe sitakieleza, Mama Emilia husoma daftari hili. Silvesta alikuwa pembeni, mgongo ukutani. Midomo imepasuka kama udongo wa bondeni kiangazi. Aliponiona alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Akasema, shikamoo mjomba. Kwa sauti ya kukwaruza mbao. Kwa koo lile! Na huyo ndiye waliyesema hana heshima! Nililia, sioni haya kuandika. Nilibisha mlango kwa ngumi, nikaomba maji kwa jina la Mungu, kwa jina la Rais, kwa jina la mama zao. Kwa jina la mama zao ndipo walipojibu, na walijibu matusi.

Silvesta akauliza kama huko nje kuna aliyemsemea. Nikamwambia nimemtukana Sajini mbele ya umati wote. Akauliza Sajini alifanyaje. Nikasema alicheka. Silvesta akafumba macho.

Asubuhi nikasikia kengele ya Misa. Ni mara ya kwanza tangu kipaimara changu Misa kunipita. Nikasali peke yangu, vipande vipande. Sala ya kusamehe niliiacha.

Halafu nikasikia ndoo. Nikapanda juu ya mabega ya mlevi mmoja tuliyekuwa naye, nikachungulia kidirishani. Wanawake! Wengine na khanga za kanisani, wengine na mabuibui, na bomba leo lilikuwa linatoa, Mungu shahidi. Wameiacha foleni. Wamekuja mbele ya kituo, kila mmoja akapindua ndoo yake tupu, akaikalia. Vijana wa baiskeli walipita na madumu yamejaa, hawakusimama. Konstebo akamwita mmoja. Akapita kama hajasikia.

Oliva hakukaa. Alisimama mbele, mikono mitupu.

Sajini akatoka na uso wa msibani, ule wa vituko. Akasema, wake zangu wa Kimakua, mmekuja kunipikia? Nikangoja kicheko. Hakikuja. Akasema mbona hata hawamwamkii. Oliva akamjibu kwamba hawakuja kumwamkia, na hawakuja kwa utani. Akasema utani una mahali pake, na mahali pake ni msibani. Akasema, kama mwanangu amekufa humo ndani, tuambie, tuanze kukutania sasa hivi.

Hakuna aliyecheka. Sajini akatupa neno jingine, kitu kuhusu mahari. Hakuna aliyecheka. Nilimwona akiwatazama mmoja mmoja, anatafuta hata jino moja. Konstebo alikuwa anaangalia buti zake.

Kisha mke wa Sajini akatokea kwenye nyumba za askari na ndoo yake tupu, akielekea bombani. Akafika usawa wa wale wanawake. Akasimama. Akapindua ndoo, akakaa nao.

Funguo zikalia.

Silvesta akatoka anashika ukuta. Oliva hakulia wala hakumshukuru mtu. Alimpa maji kwa kifuniko, kidogo kidogo, kama anavyonyweshwa mtoto mchanga. Kisha akamgeukia Sajini, akasema, na baiskeli. Baiskeli ikaletwa. Konstebo mwenyewe ndiye aliyeisukuma.

Nikatoka na mimi. Nikainua mikono juu. Hakuna aliyetazama upande wangu, isipokuwa Jafari, na yeye alikuwa anaangalia miguu yangu mitupu, aone kama nitanunua viatu.


Jumatatu, 11 Oktoba

Silvesta amelala, anakunywa uji, homa imeshuka. Mungu asifiwe.

Mji mzima unasema ni Oliva. Oliva hivi, Oliva vile. Sikatai, dada yangu alisema vizuri. Lakini watu hawafikirii. Ule mlango ulifunguka kwa sababu Sajini alikwisha kulainika, na nani alimlainisha? Alhamisi, makaburini, mbele ya ushahidi wa mamia. Dawa haifanyi kazi siku ileile inayomezwa. Nilimweleza Mama Emilia hivyo. Akaniambia nile.

Sasa jambo limekuwa kubwa. Wanawake wamepeleka habari Newala, na mkubwa mmoja wa polisi anakuja Alhamisi, atasikiliza watu hadharani hapa kwetu. Wameshapanga nani atasema nini. Kamba ya barabarani, korosho, maji, na mambo ya mle ndani. Silvesta atasema ya kwake akiweza kusimama. Kila mmoja atasema na uso mkavu, ndivyo walivyokubaliana. Oliva anasema nafasi hii ikipotea hatutaipata nyingine, na kijana wake atakuwa wa kwanza kulipa.

Jioni Oliva alikuja kwangu, kwa adabu zote, akaketi, akakubali hata chai. Akaniomba jambo moja tu. Alhamisi nikae nyumbani nishone.

Nikasema sawa.

Lakini nimewaza. Wanawake peke yao, mbele ya mkubwa, wamekunja nyuso kama wana madeni naye! Mtu mzima atajisikiaje? Atakasirika kabla hawajafika kwenye korosho. Anatakiwa mtu mwenye uzoefu amlegeze kwanza. Neno moja la mzaha, dogo, kabla Oliva hajafungua mdomo. Juu ya tumbo lake, kwa mfano. Mkubwa hakosi tumbo.

Kabila lake ndilo sijalijua. Jafari anasema ni Mnyamwezi. Mwalimu wa shule anasema anatoka Kagera. Konstebo nilipomwuliza alisogea mbali. Haidhuru. Kama si mtani wetu nitamwomba radhi palepale, atacheka, tutaendelea. Mtu gani huyo asiyecheka?